Mikono Chini ya Koti

Silibwet, Jumanne, 8 Machi 1955

Gachanja amerudi kutoka mnada wa Siongiroi na mbuzi, fahali mmoja mzee wa kuchinja, na mtu. Mbuzi na fahali nimewaelewa. Mtu sijamwelewa.

Ni mrefu, ana macho membamba na ndevu chache za kidevuni. Kofia yake ina pembe nne na imetariziwa maua kama kitambaa cha meza ya misheni. Amevaa koti refu la kufika magotini, na mikono ya koti inazidi mikono yake mpaka vidole havionekani. Mtu anayeficha vidole anaficha kitu, ndivyo mama yangu alivyokuwa akisema.

"Anaitwa Tursuni," Gachanja alisema. "Ni Muiguri. Kwao ni Kashgari, nyuma ya milima ya Wahindi. Alikuja Kericho na Mhindi wa ng'ombe, Mhindi amerudi kwao, yeye amebaki. Ni dalali. Tena ni Mwislamu, akichinja yeye, Wanubi wa Sotik watanunua nyama kwetu."

"Na atalala wapi?"

"Chumba cha ngozi."

Kwa hiyo limeshaamuliwa. Mume wangu mimi akikutana na fisi aliyelowa atamwuliza kama amekunywa chai.

Naandika haya ili nisisahau ni nani aliyesema nini. Pasi yetu ya kukaa hapa inakwisha mwisho wa Juni. Tangu Emajensi ianze, hii hali ya hatari ya serikali, Wakikuyu wa mashamba ya chai ya Kericho wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa Reserve, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, waliokula kiapo cha kupigana na serikali na wasiokula. Sisi tumebaki, mimi na Gachanja tu katika soko hili lote, kwa sababu chifu anapenda nyama ya kwetu na Gachanja anaimba besi kanisani. Mimi nilizaliwa Londiani. Hiyo Nyeri wanayoiita kwetu sijawahi kuiona. Tukikosa pasi, nyumba, bucha na shamba la viazi vyote vinabaki, na sisi tunakwenda kukaa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, kati ya watu wasiotujua.

Naandika kwa Kiswahili, hata yale tunayosema kwa Kikuyu. Karatasi ya Kikuyu siku hizi inamtafutia mtu kesi.

Alhamisi, 10 Machi

Mgeni anatia chumvi kwenye chai. Chai nzuri ya Kericho, yenye maziwa! Nilimwangalia mpaka akamaliza kikombe.

Jumapili, 13 Machi

Mawingu upande wa Chepalungu, lakini mvua haijanyesha. Mgeni hakuja kanisani, na sikutegemea aje.

Jumanne, 15 Machi

Nimegundua jambo. Mgeni anasema ameanza Kiswahili juzi tu, na kweli sentensi zake zinachechemea. Lakini anajua "kitabu". Anajua "duka", "saa", "sabuni", "dalali", "salamu". Nilimwuliza amejifunzia wapi. Akasema ni maneno ya kwao.

Ya kwao! Kwao ni nyuma ya milima ya Wahindi, na maneno ni ya hapa. Nilimwambia Gachanja kwamba mtu huyu amefundishwa Kiswahili mahali fulani, na kama amefundishwa, amefundishwa na serikali, ili aje kusikiliza Wakikuyu wanasema nini mezani. Gachanja akasema serikali ingetaka kutusikiliza ingemtuma mtu asiyevaa maua kichwani.

Hilo nalo ni kweli. Lakini mjanja angefanya hivyo hivyo, ili sisi tuseme hivyo.

Jumapili, 20 Machi

Mvua imeanza, ile nzito ya kuziba macho. Bucha haikuuza kitu, tukakaa jikoni watatu. Gachanja akamwomba mgeni aeleze habari za mnada wa kwao, na mgeni akaeleza mpaka kuni zikaisha.

Mnada wa Kashgari ni siku ya Jumapili. Watu wanatoka vijijini usiku, na asubuhi barabara zote zimejaa punda. Kuna farasi, ngamia wa nundu mbili, na kondoo wenye mkia mnene wa mafuta. Mnunuzi anaupima mkia kwa viganja viwili, hivi, kama mama anayepima uzito wa mtoto. Wenye mikokoteni wanapiga kelele "Posh! Posh!", maana yake jitenge. Kuna watu wa kunyoa, wa kutia farasi viatu, wa kuuza matikiti yanayonukia mpaka nyuki wanalewa. "Vumbi kama moshi," alisema. "Baba yangu dalali, babu yangu dalali. Mimi toto, natembea chini ya tumbo ya ngamia."

"Na kwa nini uliondoka?" niliuliza.

Gachanja alinitazama vibaya, lakini kuuliza si ujinga.

Alisema majeshi mapya yalikuwa yanakuja, mwaka wa arobaini na tisa, na watu walioogopa walipanda milima kabla theluji haijafunga njia. Farasi walianguka, wakatoka damu puani kwa sababu juu kule hakuna hewa. Walifika Kashmiri wachache kuliko walioanza. Kutoka hapo Karachi, na kutoka Karachi meli mpaka Mombasa, akichunga mbuzi wa chakula cha abiria.

"Una mke?" niliuliza.

Alisema kuni zimeisha, akaenda kutafuta nyingine kwenye mvua.

Jumanne, 29 Machi

Mvua. Ngozi hazikauki. Nyumba inanuka.

Jumanne, 5 Aprili

Leo nimeona kwa macho yangu mwenyewe.

Nilikuwa natoka kwenye shamba la viazi. Nyuma ya bucha walisimama Gachanja na Tursuni, uso kwa uso, kimya. Mkono wa Gachanja ulikuwa umeingia ndani ya mkono wa koti la Tursuni mpaka kwenye kiwiko. Walikuwa wanatazamana machoni, na ndani ya koti kitu kilikuwa kinatembea. Kisha Gachanja akatikisa kichwa, akaingiza mkono tena. Kisha wote wawili wakacheka.

Niliangusha kikapu. Gachanja akageuka, akatoa mkono upesi kama mtoto aliyekutwa kwenye chungu cha asali.

"Tulikuwa tunacheza tu," alisema.

Mtu wa miaka arobaini na mitano anacheza! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe leo nimeiona.

Jumatano, 6 Aprili

Wakati Gachanja anaoga nilimpelekea maji ya moto bila kuitwa, nikamkagua mikono na kifua. Wanasema wanaokula kiapo huchanjwa alama ndogo. Ana kovu la kisu cha bucha kidole gumba, na alama ya chanjo ya ndui ya shuleni. Kovu jingine liko karibu na kiwiko, sikumbuki kama lilikuwepo.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Kupe," nilisema.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Gachanja aliimba besi. Nilisikiliza sauti yake nikafikiri, huyu mtu ninamjua kweli? Mungu anisamehe, nilifikiri hivyo katikati ya wimbo wa ufufuo.

Jumanne, 19 Aprili

Nimekwenda Siongiroi. Nilimwambia Gachanja nakwenda na Chelangat kununua mtama. Chelangat ni jirani yetu, mke wa mzee Kiptanui, na alikuja kwa sababu alitaka kujua nakwenda kufanya nini.

Matope yalikuwa mpaka kwenye vifundo. Tulisimama nyuma ya lori. Mnada wenyewe si kama ule niliokuwa naujua. Zamani ulikuwa unasikia wazee wakitukanana toka mbali. Leo palikuwa kimya. Ng'ombe walilia, watu hawakulia. Kila mahali wazee wawili wawili wamesimama, blanketi moja limefunika mikono ya wote, macho yao yanatazama mbali kana kwamba wanangoja basi. Kati yao Tursuni anapita na koti lake refu, anaingiza mkono wa huyu, anatoa, anaingiza wa yule. Mzee Kiptanui mwenyewe alikuwa na mkono ndani ya koti hilo, na uso wake umetulia kabisa.

Nikafikiri, hawa sasa wote wamekula kiapo.

Chelangat alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa kanga. Wakipsigis wa hapa huniita Mama Bucha, ila b yao hutoka p.

"Mama Pucha, kwani hujui? Ni pei hiyo."

"Bei gani isiyosemwa?"

Akanieleza. Kwao Wakipsigis ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo mbele ya watu. Ukitaja idadi unaita jicho, unaita ugonjwa. Sasa mnadani zamani mzee alilazimika kupaza sauti, natoa mtamba huu kwa kondoo kadhaa wa kadhaa, na watu wote wanasikia, na shemeji wote wanasikia, na kesho wako mlangoni wanaomba. Huyu mgeni amewaletea njia ya kwao Kashgari. Unashika vidole, hivi viwili ni wawili, mkono mzima ni watano, ukikuna kiganja ni kumi. Hakuna anayetaja kitu. Jicho halina pa kuingilia.

"Wazee wamefurahi sana," alisema Chelangat. "Wanasema huyu mtu Mungu ametuma. Mimi hata sijui Kiptanui ako na kondoo ngapi sasa. Hiyo ndiyo mpaya."

Jumatano, 20 Aprili

Nilimkabili Tursuni jikoni. Nilimwambia, nifundishe na mimi. Aliona haya, kwa kuwa kwao mwanamke hashiki mkono wa dalali, kisha akafunika mkono wangu kwa taulo ya sahani, tukafanya juu ya taulo. Nimejifunza upesi. Mtu anayeshuku sana ana faida moja, anaangalia vizuri.

Nikamwuliza kama bado wanafanya hivyo Kashgari. Akasema alikutana na hujaji mmoja Mombasa aliyekuwa amepata habari za huko. "Sikia tu, mimi haiko ona," alisema. Alisikia kwamba sasa pale mnadani amesimama mtu wa serikali na mizani, na bei anaitaja yeye. Anayeingiza mkono ndani ya koti anaitwa mwizi wa watu. Madalali wamepelekwa kulima. Vijana wanavaa kofia ya kitambaa ya kijani, wanaona haya kuvaa ya maua. "Wanasema kitu ya ficha, kitu mbaya. Lakini kitu ingine naficha kwa sababu ya adabu."

Nilimhurumia. Nakiri. Lakini hesabu nimeielewa na jambo moja bado sijalielewa. Kama ni hesabu tu ya kondoo, kwa nini Gachanja hakuniambia? Kwa nini alisema wanacheza?

Jumanne, 26 Aprili

Mgeni ameacha kula. Chai ya asubuhi hataki, ugali wa mchana hataki. Nilifikiri ameogopa kwamba nitamtilia sumu. Kumbe ni mwezi wa kufunga. Anakula kabla ya jogoo, na tena jua likizama. Kwa mvua hii jua analijuaje?

Jumanne, 3 Mei

Kipchirchir amekuja bucha wakati Gachanja hayupo. Huyu ni askari kanga, polisi wa chifu, kijana wa Silibwet hapa hapa, nimemlisha supu tangu hajaota ndevu. Alikataa kukaa.

"Mama Pucha, chamgei."

"Chamgei. Supu iko."

"Sitaki supu. Nataka kukuuliza. Huyo mkeni wenu anafundisha watu nini na mikono?"

"Bei ya kondoo."

"Pei inasemwa na mdomo." Aliangalia huku na huku. "Huko kwa Wakikuyu kiapo kinaanza hivyo hivyo. Mtu anashika mtu, hakuna maneno. Sasa wazee wetu wanashikana chini ya planketi, ukiwauliza wanakataa kusema. Na nani alileta huyo mtu? Pwana yako."

Nilifuta ubao wa kukatia nyama.

"Chifu anajua pasi yenu inaisha mwezi wa sita," alisema polepole, kama mtu anayenifanyia wema. "Mtu akisaidia serikali, serikali pia inamkumbuka. Wewe unaona yote, kila mtu anajua. Ukiona kitu, niambie. Hata kama ni ya pwana yako."

Alipoondoka nilikata nyama ya mteja nikamkatia mfupa mtupu. Nilikuwa nafikiri juu ya lile kovu karibu na kiwiko.

Jumatano, 4 Mei

Sikumwambia Gachanja kwamba Kipchirchir alikuja. Nilitaka kuona kama atajua mwenyewe, na kwa kinywa cha nani.

Jumamosi, 7 Mei

Mvua. Daraja la mto limeondoka. Hatuzungumzi sana nyumbani. Tursuni anaona, anakula nje.

Jumanne, 10 Mei

Gachanja amerudi mnadani anacheka. Anasema hata akina mama wauza kuku sasa wanaingiza mikono chini ya kanga. Nilimwambia aache kwenda na Tursuni. Akauliza kwa nini. Nikasema matope.

Jumanne, 17 Mei

Wamekamatwa.

Chelangat alikuja mbio, kanga imelowa. Askari walizingira mnada saa nne. Waliowakuta na mikono chini ya nguo wakafungwa kamba, Tursuni wa kwanza, Gachanja, mzee Kiptanui na wazee wengine. Wamepelekwa Bomet. Wanasema ni kiapo. Wanasema Mkikuyu amemleta mganga wa nchi za mbali kuapisha Wakipsigis.

"Kiptanui amefungwa kama mpusi," Chelangat alisema akilia. "Mzee kama yule!"

Nimefunga bucha. Nimekaa kitandani na viatu. Kiapo ni kamba ya shingo, hata mtoto anajua. Nikajiuliza swali moja tu, na ninaliandika. Kama wakiniuliza mimi, je, nitaapa kwamba mume wangu hajala? Naogopa sana.

Alhamisi, 19 Mei

Nitaandika yote.

Baraza lilifanyika Bomet, uwanjani, mvua ikiwa imesita. Bwana DO, Mzungu wa serikali wa wilaya, alikaa mezani, kijana mwekundu wa mafua, na karani wake. Watu wengi mno. Waliofungwa walikaa chini kwenye nyasi. Tursuni midomo ilikuwa imekauka. Alikuwa bado amefunga. Gachanja aliponiona alijaribu kutabasamu, na jicho lake moja limevimba.

DO alimsimamisha mzee Kiptanui kwanza. Kiswahili cha DO kilikuwa kizuri kuliko cha Kipchirchir.

"Mzee, mlikuwa mnafanya nini chini ya koti?"

"Tulikuwa kwa kasi ya ng'ompe, Pwana."

"Mlikuwa mnanunua ng'ombe?"

"Ndio."

"Vizuri. Kwa kondoo wangapi?"

Mzee Kiptanui akanyamaza.

"Nimekuuliza, kondoo wangapi?"

Mzee akatazama mlima. DO akamwita wa pili, kwa swali lile lile. Naye akanyamaza. Wa tatu akainamisha kichwa. Uwanja mzima ulinyamaza nao, kwa sababu kila Mkipsigis pale alijua kwamba wazee hawawezi kutaja mifugo yao kwa idadi mbele ya kijiji kizima, hata wakichapwa. Na mimi nikaona uso wa DO unavyobadilika. Kila mzee aliponyamaza, yeye alisikia kiapo. Wale wazee walikuwa wanajifunga wenyewe kwa adabu yao.

"Kama ni biashara tu," alisema DO, "hakuna haja ya kuogopa kusema." Akamwambia karani aandike.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Chelangat alinivuta nguo nikamponyoka.

"Bwana," nilisema, "hawawezi kuhesabu mifugo kwa mdomo. Ni mwiko. Lakini mawe si mwiko."

"Wewe ni nani?"

"Mke wa huyu mwenye jicho."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia. Nikamwambia, Bwana, mnong'oneze Tursuni namba yoyote. Naye ampe mtu yeyote mkono wake. Huyo mtu akusanye mawe yatakayolingana. Kama ni kiapo, mawe hayatalingana. Kama ni bei, yatalingana.

DO aliwaza. Kisha akasema wazee wamekaa pamoja siku mbili, wangeweza kuwa wamepatana. "Njoo wewe mwenyewe," alisema. "Hukuwa nao."

Sikuliona shimo. Nilifurahi. Nilikwenda mbele ya watu wale wote, mama mzima, nikaingiza mkono wangu katika koti la mwanamume asiye ndugu yangu. Mkono wa Tursuni ulikuwa wa baridi. DO alipomnong'oneza namba, alikuna kiganja changu mara moja, akashika vidole vitatu. Niliinama nikaokota mawe kumi na matatu, nikayapanga mezani kwa DO. Alihesabu, akamtazama karani. Akanong'ona tena. Mkono mzima na vidole viwili. Nikapanga saba. Akanong'ona mara ya tatu, nikapanga ishirini na moja, kwa haraka kuliko yeye alivyohesabu.

Ndipo akacheka. Alicheka mpaka akapenga kamasi. Watu wote wakacheka, wazee wakapiga viganja, Gachanja akalia kwa jicho lile lililovimba. Walifunguliwa kamba pale pale.

Kipchirchir peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Na DO alipokuwa anafunika kalamu yake aliuliza, kwa upole kabisa, "Mama, umejifunza mara ngapi?"

"Mara moja, Bwana. Jikoni."

"Mara moja tu," alisema, akamwambia karani neno kwa Kiingereza.

Jumanne, 24 Mei

Idi. Tursuni amefungua. Gachanja alimchinjia, yaani alimpa kisu akachinja mwenyewe. Alipika wali na karoti na mafuta ya kondoo, tukala kwa mkono kutoka sahani moja, mimi pia. Kiptanui na Chelangat walikuja.

Baada ya kula alijibu swali langu la mwezi wa tatu bila kuulizwa. Ana mke. Alimwacha kwa wazazi wake kwa sababu alikuwa na mimba na milima ilikuwa mibaya. Alimwambia atarudi majira ya matikiti. "Mimi nafikiri siku kidogo tu. Kila mtu nafikiri siku kidogo tu," alisema. Hajui kama mtoto ni wa kiume au wa kike.

Mzee Kiptanui alimshika bega.

Jumanne, 7 Juni

Amri mpya mnadani. Hakuna mikono chini ya nguo. Bei isemwe kwa sauti, na mizani ya serikali imefungwa kwenye mti. Wazee wengi wamerudi nyumbani na mifugo yao. Tursuni alisimama mbele ya ile mizani muda mrefu, kisha akakunja koti lake, akalifunga kwa kamba. Sasa anavaa sweta la Gachanja.

Jumatano, 15 Juni

Mvua zinapungua. Viazi vizuri mwaka huu.

Jumanne, 28 Juni

Kipchirchir ameleta majibu ya pasi. Safari hii alikaa, akaomba supu, akainywa yote kabla ya kusema.

Pasi ya Gachanja imepita. Miaka miwili. Tursuni naye amepewa kibali. Si Mkikuyu, hana kesi. Yangu haikupita.

"Kwa nini?" Gachanja alisema. "Yeye ndiye alitutoa!"

Kipchirchir aliangalia bakuli. "Wanasema pwana ni mtu mzuri. Lakini mama anajua mampo ya siri haraka sana. Mara moja tu, jikoni. Wanasema mtu kama huyo hawezi kuachwa kwa soko. Arudi Reserve." Kisha akasema, na nadhani alisema kweli, "Mimi sikusema kitu, Mama. Ulisema mwenyewe na mawe."

Mimi niliyekuwa nikimshuku kila anayepita mlangoni, nimeshukiwa kwa kuona vizuri. Ningecheka kama ingekuwa ya mwingine.

Alhamisi, 30 Juni

Asubuhi Gachanja alivaa koti la kanisani, akaenda Bomet. Nilijua anakwenda kuniombea pasi. Nilianza kupanga vitu vyangu peke yangu: sufuria, blanketi, Biblia. Nilijiambia, abaki. Bucha ni yake, aliijenga kwa mikono yake. Mwanamume mwenye akili atabaki, atanitumia kitu kidogo, baadaye mambo yakitulia tutaonana. Kila mtu anafikiri siku kidogo tu.

Alirudi mchana. Hakuwa ameomba. Aliweka pasi yake mezani kwa karani akasema, niandikie na mimi nauli ya treni. Karani alimwuliza mara mbili kama ni mzima.

Ufunguo wa bucha amempa Tursuni. Shamba la viazi amempa Chelangat. Mimi nilikaa juu ya gunia, nikashindwa kusema asante, nikamgombeza kuhusu matope ya viatu vyake.

Stesheni ya Lumbwa, Jumamosi, 2 Julai

Tunangoja treni. Tuko Wakikuyu wachache, askari wawili wanatulinda, na jua kali kana kwamba mvua haikuwahi kunyesha. Gachanja anamenya yai.

Nilimwuliza. Hapakuwa tena na kitu cha kupoteza.

"Gachanja, ulikula kiapo?"

Hakushtuka. "La," alisema. "Siku ile nyuma ya bucha nilikudanganya kwa sababu tulikuwa tunapatana bei ya ng'ombe wa maziwa, nilitaka awe zawadi yako. Baadaye mvua ikamwua." Akala nusu ya yai. "Na wewe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza kweli. Ulipokwenda Londiani kumzika mama yako, mwaka wa hamsini na mbili, ulikaa wiki mbili. Ulirudi huongei, unachungulia madirishani, unauliza-uliza maswali, unaandika. Nikasema basi, mke wangu wamemlisha."

"Na miaka yote hii hukuniuliza?"

"Ningeuliza, ungejibu. Halafu ningefanya nini na jibu?"

Nilimwambia sikula. Nilimwapia kwa jina la mama yangu. Akaitikia kwa kichwa, akanipa nusu ya yai iliyobaki, akafuta mikono kwenye suruali ya kanisani.

Alhamisi ile alipoweka pasi mezani hakuwa anajua. Alidhani huenda anafuatana na mwanamke mwenye kiapo, na bado akaomba nauli. Nimempenda mtu huyu miaka ishirini na nilikuwa sijamwona. Mimi, kama pasi iliyokubaliwa ingekuwa yangu, ningemwuliza kwanza kama amekula.